Mapigo Yasiyo ya Bibi Nimpaye

"Kwani mashine yako ndiyo inayolala na mama yangu?" Mama Kwandu aliifokea simu. "Nakwambia tangu usiku anahema kama aliyepanda mlima."

"Sikatai kwa kupenda, Mama Kwandu," Nesi Eustakia alijibu kwenye spika. "Gari ni moja, na leo linakwenda Ngara kuchukua wakimbizi waliovuka mpaka wakiwa wagonjwa. Bibi namwona hapa: mapigo mazuri, jana katembea sana, jioni kakimbia."

"Kakimbia? Mtu anayeshikwa mkono kwenda chooni?"

Kwandu alisimama mlangoni, mkono wa kushoto kauficha ndani ya sweta la shule. Kifaa ambacho nesi alimpa Bibi kilikuwa humo: mkanda wa mpira wenye kidude mfano wa saa. Kilipima mapigo ya moyo na mwendo wa mwili, kisha kikarusha habari bila waya kwenye kisanduku kilichotundikwa ukutani, nacho kikazifikisha kwenye simu ya nesi.

Bibi Nimpaye alikivaa siku mbili tu. Zamani, alipokimbia Burundi na binti yake mdogo, kambini alifungwa utepe mkononi ndipo ahesabiwe apate mahindi. "Nilishafungwa vya kutosha, mwana wanje," alimwambia Kwandu, yaani mwanangu kwa Kirundi. "Kivae wewe, nesi asije akakasirika." Kwandu alimwonea huruma. Akaenda nacho kisimani, akaruka kamba nacho. Wiki iliyopita nesi, kwa kuona moyo umetulia, alimpunguzia Bibi vidonge vya moyo. Kwandu alisikia, akanyamaza.

"Kesho nikipata gari nitakuja," nesi alisema.

Chumbani Bibi alikohoa, akashindwa kumaliza kukohoa. Kwandu akasogelea simu.

"Nesi, shikamoo. Ni mimi."

"Marahaba. Ni wewe nini?"

"Moyo unaouona ni wangu. Bibi hajavaa hicho kitu."

Mama alimtazama kana kwamba hamfahamu. Nesi akauliza, "Miguu yake imevimba?"

"Imevimba," Mama alisema.

"Mketisheni, mumwegemeze. Asilale chali. Gari linaanzia kwenu."

Lilipofika, nesi alishuka, akamchoma Bibi sindano, akasubiri ameshika kifundo cha mkono wake. Kuhema kukaanza kutulia taratibu.

"Atapona?" Kwandu aliuliza.

"Atapumua. Kurudi kama alivyokuwa mwezi uliopita, hilo siwezi kukuahidi."

Kwandu akaanza kulia.

"Nisikilize," nesi alisema. "Bibi kukataa si kosa. Ungeniambia, ningekuja kumpima mwenyewe. Kosa ni kunipa moyo wako nikautibu kwa jina lake. Na mimi nimekosea. Nilipunguza dawa kwa kutazama simu, sikuja kumtazama mtu."

"Ni mimi nilimtuma," Bibi alinong'ona.

"Ulimtuma, naye ana akili zake," Mama alisema. "Huruma inayoficha ugonjwa haimsaidii mgonjwa, Kwandu. Ungesema siku ile nesi alipopunguza vidonge, tusingekuwa hapa. Sasa panda gari. Hospitali utamweleza daktari mwenyewe, tangu lini na ulifanya nini, ajue pa kuanzia."

Kwandu alivua mkanda, akautia mfukoni. Bibi alipokwisha kupandishwa nyuma, naye akapanda, akaketi ameegemeza mgongo wa Bibi kifuani pake, na dereva akawasha gari.