Majina Yote Yapo

Kila asubuhi fundi alichomelea mageti uani. Mkewe, mwalimu wa watoto viziwi, alikaa chumbani na kompyuta. Kwa miaka sita alikuwa amerekodi video elfu nne za lugha ya alama. Kwa video hizo wazazi walijifunza kuzungumza na watoto wao. Zikipotea, hakuna duka linaloziuza.

Kompyuta ya zamani ilijaa pomoni. Wakanunua kompyuta mpya na diski kubwa, mwalimu akazinakili video zote humo. Lakini fundi alipowasha mashine ya kuchomelea, taa zilififia, na mara nyingine kompyuta ilizimika. Mwalimu aliiwasha tena na kuendelea. Walishazoea, na mazoea yana taabu.

Jumamosi moja jirani yao, fundi wa kompyuta aliyeitwa Mama Waya, alikuja kuchukua geti lake. Alimkuta mwalimu akijiandaa kufuta kila kitu kwenye kompyuta ya zamani ili aigawe.

"Mwalimu, umehakikisha lakini?"

"Nimehakikisha. Majina yote elfu nne yapo."

"Majina! Hebu fungua video moja, uitazame mpaka mwisho."

Mwalimu alifungua. Mikono ilianza vizuri, kisha picha ikaganda, ikawa kijivu tupu. Ya pili ilikuwa nzima. Ya tatu iligoma kabisa. Mwalimu alishika kichwa.

"Dakika tano tu zingepita, ningekuwa nimefuta! Mungu ndiye aliyekuleta, jirani."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni. "Diski mpya hii! Wametuuzia mbovu?"

"Diski inaweza kuwa nzima, shemeji. Tuangalie mfumo wa faili."

"Ndiye mdudu gani huyo?"

Mama Waya alicheka. "Diski ni kabati. Mfumo wa faili ni utaratibu wa kulipanga: kitu gani kiko wapi, kinaanzia wapi, kinaishia wapi. Umeme ukikatika, mfumo mwingine huchanganyikiwa. Mwingine hujua ulipoishia. Na upo unaotunza kwa kila faili namba ya ukaguzi, inayohesabiwa kutokana na yaliyomo. Faili ikiharibika, namba ikihesabiwa tena hailingani na ya mwanzo, nao unakwambia."

"Basi tuwekee huo."

"Nitauweka. Lakini msiniamini kwa maneno. Tuujaribu, video za asili zikiwa bado salama kule."

Aliipanga diski upya kwa mfumo huo, akaanza kunakili. Kisha akasema, "Shemeji, washa mashine."

"Nikuharibie kazi kwa makusudi?"

"Leo una ruhusa."

Fundi hakuwahi kupewa kazi tamu kama hiyo. Kompyuta ilizimika mara tatu. Baadaye Mama Waya alilinganisha kila nakala na video yake ya asili. Zilizokwisha kuandikwa zote zilikuwa nzima. Zilizokatikia njiani zilijulikana, zikanakiliwa upya. Halafu akaharibu nakala moja kusudi. Mfumo ukakataa kuifungua, ukaitaja kwa jina.

"Huu unasema kweli," alisema. "Lakini hauzuii diski kufa wala kuibiwa. Wekeni nakala nyingine shuleni, na mkague zote mbili kila mwezi."

Tangu siku hiyo fundi alipaza sauti, "Nawasha!" akasubiri ajibiwe. Mwanamume aliyekuwa hasubiri hata chai ipoe!

Miezi minne baadaye, ukaguzi ulionyesha video moja imeharibika. Lilikuwa somo la chakula. Mwalimu alichukua nakala ya shuleni, akairudisha mahali pake. Moyoni alimshukuru Mungu, na Mama Waya karibu sana nyuma yake.

Wiki hiyohiyo alikuja baba mmoja, dereva wa lori, pamoja na binti yake wa miaka saba. Alitaka somo hilohilo. Alilitazama mara tano, mikono yake ikiwa migumu kama mbao. Kisha akamgeukia mtoto, akauliza kwa alama, "Umekula?"

Mtoto alimkazia macho. Halafu mikono yake ikaanza kwenda mbio, na baba akapotea njiani.

"Anasemaje, Mwalimu?"

"Anasema leo amekula. Lakini juzi kaka yake alimnyang'anya nyama, na hakuwa na mtu wa kumwambia."

Baba alicheka, machozi yakamtoka.

"Asante, Mwalimu. Sasa nionyeshe, 'pole' wanasemaje?"