Vipande Vitatu vya Mwangara

Jumatatu, tarehe 8 Machi 1971, saa mbili na robo asubuhi, Kiragu, mtaalamu wa miamba, alifungua sanduku la sampuli za zamani za miamba ya mgodi wa Mwangara akakuta ameibiwa. Vipande vitatu vya makaa ya mawe havikuwapo. Mahali pake palijazwa mawe meusi ya matope, ya kudanganyia macho tu.

Inspekta Mungai alifika ghalani, nyuma ya River Road, kabla ya saa tatu. Kiragu akamweleza. Mgodi huo mdogo wa pwani ulifungwa mwaka 1949, dari ilipowaporomokea wachimbaji tisa, na miili haikutolewa. Sasa kampuni moja ilitaka kuufungua tena, na wakubwa wake wangekuja keshokutwa kuyaona makaa.

"Ijumaa jioni yalikuwapo?"

"Yalikuwapo. Niliyashika mwenyewe."

Funguo walikuwa nazo wawili wengine: Makau, dereva, na Salme, mjane wa kutoka pwani aliyewapikia chai, ambaye msahafu wake ulikaa rafuni kando ya birika. Viganja vya Makau vilikuwa vyeusi tii.

"Hii ni grisi, afande," Makau alisema. "Gari imenisumbua tangu asubuhi. Nusa."

Mungai akanusa. Ilikuwa grisi kweli.

Akarudi kwenye sanduku. Vipande vyote vya miamba vilipewa namba kuanzia darini mwa mgodi hadi sakafuni: kwanza jiwe la mchanga, kisha makaa, mwisho jiwe lenye alama za mizizi ya msitu uliofukiwa zamani sana.

"Mnavipanga vipi?"

"Namba moja kushoto," Kiragu alijibu, "kama tunavyoandika."

Namba moja ilikuwa kulia. Aliyeiba alivitoa vyote, kisha akavirudisha jinsi mkono wake ulivyozoea.

Mungai alichagua vipande sita, akamwomba kila mmoja avipange. Makau alianza kushoto. Salme, aliyesoma chuo cha Kurani kwao, kwa herufi zinazoandikwa kutoka kulia, na hakuwahi kuingia shule, alianza kulia. Alipoinua macho akauona uso wa inspekta, akakaa chini.

"Mama, makaa yako wapi?"

"Nimeyazika, mwanangu. Kangemi, nyuma ya chumba changu. Nimeyakafini kwa sanda ya bafta."

"Kwa nini?"

"Mume wangu Sharif ndiye aliyeyachimba, wiki ile ile aliyofukiwa. Sikupata hata kaburi la kuzuru. Nikasikia wataleta mashine zimchokonoe mle alimolala. Nikasema, wakikosa makaa humu, watamwacha. Kuyatupa sikuweza. Yamepita mikononi mwake."

Mungai aliumia moyoni. Miaka kumi na minne kazini, na hajawahi kuichukia kesi aliyoifumbua mwenyewe kama hii. Kiragu naye alikuwa na neno ambalo hakutaka kulisema, lakini alilisema.

"Mama Salme, vipimo vyote viko kwenye faili tangu wakati ule, na kampuni wanavyo. Haya yalikuwa ya kuonyesha tu. Watafungua."

Salme akafungua fundo la leso, akatoa ufunguo na kuuweka juu ya sanduku.

"Wakimfikia Sharif," akauliza, "mtaniita nije nimwoshe?"