Kidevu cha Pacha

Asubuhi mama yake alipofariki, Pacha alikuwa akisugua masufuria nyuma ya nyumba. Shangazi alitoka, akamwondolea sufuria mkononi, akamwambia akaoge. Masufuria yalibaki na sabuni hadi mchana.

Waliokuja kuhani msiba walimshika mashavu. "Nyamaza, mwanangu. Mama yako ametuachia sura yake." Hata jina lake lilitokana na hilo: tangu utotoni watu walisema yeye na mama yake ni mapacha waliopishana miaka. Mama alikuwa na tabasamu la upande mmoja, na kidevu cha Pacha nacho kilielekea upande.

Mwaka ulipopita, shangazi, ambaye sasa ndiye aliyewapikia, aliona Pacha anatafuna upande mmoja tu na kujing'ata shavu.

"Kidevu hiki kinazidi kwenda kushoto," alimwambia kaka yake, baba wa Pacha. "Akikomaa hivi, atakuja kupasuliwa taya. Nampeleka kwa daktari wa kupanga meno, anyooshwe."

Pacha alisikia neno hilo la mwisho tu. Akinyooshwa, atabaki na nini cha mama? Akaanza kujizoeza mbele ya kioo. Aligundua kwamba akisukuma taya la chini kulia kidogo na kulishikilia, kidevu kinakaa katikati. Daktari asipoona kasoro, atamrudisha nyumbani.

Shuleni, mwenzake wa dawati alimkazia macho. "Mbona unaongea kama umeficha pipi mdomoni?"

"Shughulika na mdomo wako," Pacha akamjibu.

Siku ikafika. Daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani, aliitikia shikamoo yake, akamketisha wima, akakata uzi wa kusafishia meno. Aliuvuta kutoka katikati ya nyusi, ukapita juu ya pua hadi kidevuni. Pacha akashikilia taya. Akapewa kijiti bapa akiume kikiwa kimelala, daktari akainama kuona kama kiko sambamba na macho. Kisha akasimama nyuma yake, akautazama uso kutoka juu ya utosi. Misuli ya mashavu ya Pacha ilianza kutetemeka.

"Naona uso uko sawa," daktari alimwambia shangazi. "Kidevu kiko kwenye mstari."

"Nyumbani si hivi, daktari. Namwona kila siku akila."

Pacha hakugeuka. Alizidi kulishikilia taya.

Daktari aliweka vidole mbele ya masikio ya Pacha. "Meza mate, mwanangu."

Kumeza hakuwa amekufanyia mazoezi. Meno yalikutana, taya likateleza kushoto.

"Meza tena." Kidevu kikaenda tena. "Ulikuwa unalishikilia?"

Pacha aliitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka. "Sitaki kunyooshwa. Mama alikuwa hivi."

Shangazi alifungua kinywa kumkaripia, akakifunga. Daktari aliomba picha ya mama. Ilipopatikana kwenye simu ya shangazi, aliulaza uzi uleule juu ya picha, kuanzia nyusi hadi kidevu.

"Njoo utazame."

Kidevu cha mama kilikuwa katikati kabisa. Kilichopanda upande mmoja ni mdomo tu.

"Kumbe wifi yangu alinyooka kama rula," shangazi alisema polepole. "Sisi tuliona tabasamu, tukasema uso mzima."

"Mdomo huo unao, na mimi siugusi," daktari alimwambia Pacha. "Hili la kidevu ni lako mwenyewe. Taya lako la juu ni jembamba, kwa hiyo la chini linateleza pembeni kutafuta pa kung'atia. Bado unakua, naweza kulitanua hilo la juu. Kama ningekurudisha nyumbani leo, mfupa ungekomaa umepinda, na hapo ni kisu."

Njiani shangazi alimshika mkono. "Daktari hutibu anachoonyeshwa, mwanangu. Ukimpelekea uso wa kubandika, atautibu huo, na wako ubaki unaumia. Ukiwa na hofu, itaje. Hofu iliyotajwa ina wa kuijibu."

Siku hizi Pacha ana kifaa cha chuma cha kutanua taya kwenye kaakaa. Kila jioni, baada ya chakula, baba yake humwambia afungue kinywa, huingiza ufunguo mdogo kwenye kifaa hicho, na kuugeuza mara moja.