Mlango Usiofunguka kwa Ndani

Jumamosi ile Lorna Heikkinen, jirani yetu wa upande wa kaskazini, aliamka kama anavyoamka siku zote. Alichemsha kahawa, akapasha moto pasti iliyobaki jana, ule mkate wa kukunja wenye nyama na viazi ndani, akala nusu yake akiwa amesimama. Theluji ilikuwa imekoma na gari la kuikwangua lilishapita barabarani. Akifunga kamba za viatu, alimwambia mama yake kwamba anakwenda kuangalia vani. Mama hakuuliza ya nini. Neno vani halikuwa limetamkwa katika nyumba ile tangu wamzike Tessa.

Tessa alikuwa mdogo wake. Aliuza pasti, akizipeleka mashuleni na kwenye karakana kwa vani nyeupe aliyoinunua kwa Gordy Lahti, nje kidogo ya mji wa Ishpeming. Majira ya baridi yaliyopita dhoruba ilimkuta njiani. Akaegesha pembeni, akaacha injini iwake apate joto, akajilaza nyuma kusubiri. Ekzosi, lile bomba la moshi, ilikuwa inavuja, moshi ukaingia ndani. Walipomkuta, kucha zake zilikuwa zimekatika kwa kukwaruza mlango wa pembeni. Mlango ule haukufunguka kwa ndani.

Vani ilivutwa ikapelekwa kwenye vyuma chakavu, na Lorna alidhani mambo yameishia hapo. Wiki ile akaiona mtandaoni, imepakwa rangi ya kijani, inauzwa na Gordy yuleyule. Aliitambua kwa taa ya nyuma iliyopasuka. Utepe mwekundu uliofunika ufa ule aliubandika yeye mwenyewe.

Alikwenda na lengo moja: Gordy aseme kwa kinywa chake kwamba alijua.

"Umewahi, dada," Gordy alisema, akifuta mikono kwenye ovaroli. Hakumtambua. "Kuna mume na mke wanakuja mchana. Mke mjamzito, wanataka ya kubebea mtoto na vikorokoro. Ukisinzia, imeondoka."

Lorna alivua glavu, akaweka kiganja juu ya boneti. Gordy alikuwa na mchezo wake: mnunuzi akipiga simu, yeye huiwasha injini mapema mpaka ipate moto, maana injini iliyochoka hugonga ikiwashwa baridi, na ikishapata moto hunyamaza. Siku hiyo pia alikuwa ameicheza. Theluji chini ya injini ilikuwa imeyeyuka na kuacha dimbwi.

Lakini boneti ilikuwa baridi kiasi kwamba ngozi ya kiganja iliganda kwenye bati.

"Hujaiwasha leo?"

"Sijaigusa," Gordy alidanganya. Kisha naye akaigusa. Akautoa mkono haraka.

Lorna alifungua kifuniko cha oili. Chini yake kulikuwa na povu zito, jeupe kama maziwa.

"Maji yameingia kwenye oili."

"Ah, ni baridi hiyo. Mashine ya mjomba wangu ya kufyeka theluji ina povu kuliko hilo, na mwenyewe anaisifia kuliko mkewe."

Lorna hakucheka. Alichomoa ufunguo akautia mfukoni, akalegeza waya wa betri akauweka pembeni. Hakutaka mtu aiwashe akiwa chini yake. Akalala chali kwenye theluji na bisibisi aliyokuja nayo. Chesi, fremu ya chini ya gari, ilikuwa imepakwa lami mpya, nyeusi, inang'aa. Aliichoma. Bisibisi ikazama kwenye kutu mpaka kwenye mpini.

Akatazama ekzosi. Ilikuwa na kiraka: kopo la maharage lililopasuliwa, likazungushwa kwenye bomba na kukazwa kwa vibano. Alishaliona kopo hilo, kwenye picha za polisi.

Gordy hakulibadilisha. Alilipaka lami tu.

"Ekzosi je?" aliuliza kutoka chini.

"Mpya. Nimeifunga mwenyewe."

Lorna aliinuka. Alijikung'uta theluji.

"Na mlango wa pembeni? Unafunguka kwa ndani?"

"Nani atakufungia humo?" Gordy akacheka. "Haya, tazama."

Akaingia. Nyuma hakukuwa na kitu, ila rafu tupu na ukuta wa bati uliotenga viti vya mbele. Milango ya nyuma alikuwa ameikaza kwa skrubu tangu kabla ya kumuuzia Tessa, kwa sababu bawaba zilishaliwa na kutu. Alinyoosha mkono kuuvuta mlango.

Ukajifunga kabla hajaufikia.

"Unashika kidogo," alisema kwa ndani. Kitasa kililia. Kikalia tena. "Dada, hebu vuta."

Ndipo injini ikawaka.

Lorna aliutazama waya wa betri. Ulikuwa unaning'inia. Akapapasa mfuko. Ufunguo ulikuwepo. Injini iligonga, ikakohoa, ikatulia. Ekzosi haikutoa moshi nyuma. Moshi wote ulikwenda kwingine.

"Fungua," Gordy alisema. Hakuwa anacheka tena.

"Ulijua?"

"Nini?"

"Vani ya Tessa. Ulijua?"

Kitasa kikalia tena. Halafu ngumi, moja baada ya nyingine.

"Nilijua. Nilijua inavuja, na mlango nilijua. Fungua. Lakini yule dada hakuuliza. Mtu asipouliza, mimi nifanyeje?"

Ngumi zikakoma.

Humo ndani, karibu kabisa na bati, mtu mwingine akanong'ona.

"Niliuliza."

Gordy akapiga ukelele mmoja. Kisha zikasikika kucha. Zilikwaruza taratibu, kutoka juu kwenda chini.

Lorna alijua namna ya kuufungua mlango ule kwa nje. Tessa alimfundisha: unainua kitasa, unasukuma kwa nyonga. Aliweka mkono wa kulia kwenye kitasa. Akainua.

Kitu kikamshika kifundo cha mkono. Hakikumuumiza. Kilimshika kama mtu anavyokushika anapotaka usiende bado.

Mume na mke walipofika mchana, injini ilikuwa baridi na waya wa betri unaning'inia. Mume alifungua mlango kwa kidole kimoja. Gordy alikuwa amelala kifudifudi. Walipomgeuza, uso wake ulikuwa mwekundu kama wa mtu aliyetoka sauna, chumba cha mvuke, sasa hivi.

Lorna aliwaambia polisi kwamba alijaribu kufungua. Nasi ametuambia hivyo hivyo, na hatumbishii, kwa sababu alama ipo. Ni vidole vya masizi kuzunguka kifundo cha mkono wake wa kulia. Amevisugua kwa sabuni, kwa mafuta ya taa, kwa jiwe. Havitoki. Kidole kidogo kimeishia katikati, kama cha Tessa tangu mashine ya kukandia unga ilipomkata.

Mkono wa kushoto hauna alama yoyote. Hakuna kilichoushika huo; ulikuwa mfukoni, umefumbata ufunguo.