Chupa ya Soda Mezani kwa Babu Mng'aro

Sogeeni karibu, majirani, hili linatuhusu sote.

Mtaani kwetu yupo fundi baiskeli tunayemwita Babu Mng'aro. Mpelekee cheni nyeusi kama roho ya mwenye nyumba wangu, atakurudishia unayoweza kujitazamia ukichana nywele. Mkewe alishafariki, akabaki na binti mmoja aliyeolewa mtaa wa pili. Kila Jumapili binti alimletea mjukuu wake wa kike, na asubuhi nzima tulisikia kengele za baiskeli zikilia bila mteja. Mtoto alikuwa akizijaribu moja moja.

Mng'aro ule ulitoka kwenye petroli. Tena babu alikuwa na mtindo wake: akiosha cheni alifunga mlango na dirisha, eti vumbi lisije likaing'ang'ania kabla haijakauka. Chumba hicho hicho ndicho alichopikia na kulala. Petroli iliyobaki aliimimina kwenye chupa ya soda, akaiacha mezani. Mimi mshona viatu, jirani yake ukuta kwa ukuta, nilimtania kwamba siku akiwasha jiko tutapaa wote na kutua nchi za watu bila pasipoti. Akasema sabuni ni ya vyombo, chuma kinataka kitu kikali. Binti naye alimsihi aache. Babu akamjibu kwamba petroli hiyo hiyo ndiyo iliyomlea.

Jumapili moja kengele zikanyamaza. Nikasikia kikohozi kisicho cha kawaida, nikakimbilia kwao. Mtoto alishikwa na kiu, akaona chupa ya soda, akanywa. Babu alitaka kumtia vidole kooni atapike. Binti akamzuia, akambeba mwanawe mbio hadi zahanati. Muuguzi alisema afadhali hawakumtapisha, maana petroli ikirudi huingia mapafuni. Mtoto alilazwa, akapumua kwa taabu, lakini akapona.

Binti alikuja kumwambia baba yake, wala hakupaza sauti: "Baba, sina hasira na wewe. Ila mwanangu hakanyagi tena chumba hiki."

Basi Jumapili zikawa ndefu. Babu aliendelea kupika cha wawili, akala kidogo, kingine akaniletea mimi. Nilikula huku nikiona aibu. Nilimtania, hakucheka, na mtu asiyecheka utani wangu ni wa kuhurumiwa. Kuna wakati alizifuta kengele zote kwa kitambaa, polepole, akijihadhari zisilie.

Halafu asubuhi moja nikaona mlango wake wazi kabisa. Ile petroli alishawapelekea mafundi wa magari. Alikuwa ameketi nje na beseni la maji ya moto, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na mswaki mkuukuu. Akasugua cheni, akaisuuza, akaifuta, akaianika juani ikauke vizuri, ndipo akaitia oili. Ilimchukua muda zaidi, lakini iling'aa vile vile.

"Kumbe ni hivi tu," alisema, wala hakuwa akisema na mimi.

Nikapeleka habari kwa binti. Mdomo wangu mnaujua. Alikuja peke yake. Akatazama meza: jagi la maji na bilauri, basi. Akaishika mikono ya baba yake, akainusa kama mtu anavyonusa kichanga.

"Inanuka vyombo," akasema. Kisha akauliza, "Zile kengele bado zipo?"

Babu alinyoosha mkono, akaipiga moja.

FUNZO

Wenzangu, petroli na mafuta ya taa si vya kuoshea cheni, hasa ndani ya chumba mnamolala na kuwasha jiko. Sabuni ya vyombo, maji ya moto na mswaki uliochoka vinatosha, tena ni rahisi kupata. Sumu usiitie kabisa kwenye chupa ya kinywaji, kwani mtoto ataona soda tu. Akishakunywa, usimtapishe, mkimbize hospitali. Na mtu wako akikusihi uache jambo, msikilize angali anakuja kukutembelea.