Ua Kiganjani mwa Marehemu

Maiti ililala chini ya genge, fuvu limepasuka, kiganja cha kulia kimefumbata ua la manjano. Juu yake kilisimama kilima chenye kilele bapa, kilichoinuka peke yake katikati ya uwanda mkavu.

Kaka wa marehemu ndiye aliyekuwa naye. Alieleza bila kusita kwamba mdogo wake, mtaalamu wa mimea, aliinama ukingoni kuchuma ua adimu, akateleza. Akaomba wazike siku hiyohiyo.

Inspekta hakuipenda pupa ile. Haraka haraka haina baraka, na ya kuzika haina hata adabu. Akalitia ua kwenye mfuko wa vielelezo, akaenda nalo kwa mjane, ambaye ndiye aliyekuwa akimchorea mumewe mimea yake.

Macho ya mjane yalikuwa yamevimba kwa kulia, lakini alichukua kioo cha kukuzia, akalichunguza ua.

"Hili si lile adimu la juu kilimani," alisema. "La juu lina vinyweleo vyeupe chini ya majani. Hili halina. Linaota mchangani, huku chini tu."

"Kilimani halipo kabisa?"

"Hata moja. Kule ni mwamba mtupu."

Akamwonyesha mchoro wa ua la juu, rangi bado mbichi. Halijawahi kuonekana popote pengine. Mumewe angelitangaza wiki ile, na kilima kingefungwa ili kulihifadhi. Shemeji yake, yule kaka mtu, alikwisha kuleta mitambo ya kupasua mawe huko.

Kituoni, Inspekta alimketisha kaka mtu mbele ya meza.

"Ulimwona akilichuma?"

"Kwa macho yangu."

"Juu, ukingoni?"

"Nimeshasema, afande."

Inspekta akaweka ua kando ya mchoro, akaligeuza jani, akamweleza tofauti.

"Hili limechumwa chini. Mdogo wako alifika chini akiwa maiti. Nani alimfumbatisha?"

Mtu yule akalowa jasho. Akajifuta uso kwa kiganja.

"Nilimsihi asilitangaze," alisema mwishowe. "Yale mawe ndiyo riziki yangu. Akacheka. Akaniambia, 'Kaka, njoo ulitazame kwanza, utalipenda.' Nikamsukuma. Niliposhuka nikachuma la kwanza nililoliona."

Hasira zilimpanda Inspekta, na huruma nayo ikampata, asijue amhurumie nani.

"Alipokuita ulitazame, ulilitazama?"

Kaka mtu aliukodolea macho mchoro wa mjane, kwa mara ya kwanza.

"Hapana," alisema, akaanza kulia.