Ufa Ambao Kidole cha Fundi Hakikuufikia

Wazazi wenzangu, nawasimulia habari ya nyumba yangu mwenyewe. Ya jirani ningeweza kuipamba.

Mwanangu ni seremala, na karakana yake iko mbele ya nyumba. Jumamosi ile kulikuwa na utulivu wa kupendeza. Yeye alikuwa akipiga randa, mkwe wangu yuko mlangoni na cherehani yake, na mjukuu wangu wa miaka minane ameketi juu ya maranda akimfundisha mdoli wake. Tunamwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Mdoli alikuwa amefeli hesabu, basi alikuwa anasemwa vibaya sana.

Mwanangu akaweka ubao begani. Mteja akamwita kutoka nyuma. Alipogeuka, ncha ya ubao ikamgonga mtoto chini ya jicho la kulia.

Kasuku hakulia. Na hapa niseme kosa langu kabla ya kosa la mtu mwingine. Nyumba hii ilikuwa na majivuno yake: watoto wa kwetu hawalii. Niliyaanzisha mimi, nikimlea baba yake peke yangu, na aliyeanguka akanyamaza alisifiwa mbele ya wageni. Kwa hiyo Kasuku aliuma meno, akatutazama tumsifu. Tukamsifu.

Baba yake akapiga magoti. Akapitisha kidole gumba kwenye mfupa wa shavu na ukingo wa jicho, polepole, vile vile anavyopapasa mbao akitafuta nyufa. Kidole hicho watu wanakiamini; mbao mbovu hazimpiti.

"Hakuna ufa," akasema. "Jicho lenyewe jeupe, halina hata damu. Mzima huyu."

Mchana Kasuku akatapika. Tukasema ni chakula cha jana, tukampa maji ya sukari na chumvi. Jioni akatapika tena. Mkwe wangu akataka apelekwe hospitali, lakini mwanangu akashikilia kwamba jicho lililoumia lazima livimbe, na kwamba huko watamuuliza kwa nini amempiga mtoto. Nilijua ni hofu inayosema. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukampa nguvu.

Kesho yake asubuhi Kasuku alikuwa kimya, na mdoli wake hakufundishwa kitu. Nilipomwita nikiwa nimesimama, hakuinua macho. Aliinua kichwa kizima, kama mtu anayetazama dari. Nikaketi sakafuni karibu naye, nikamuuliza kwa nini anafanya hivyo. Akamtupia baba yake jicho kwanza, kisha akaninong'oneza.

"Nikitazama juu kwa macho tu, Bibi, mnakuwa wawili. Na wote mnanikodolea. Halafu inauma, nataka kutapika." Akafikiri kidogo. "Lakini sijalia."

Nikamwambia mwanangu, "Kunyamaza nilikufundisha mimi. Leo nakufundisha upya. Mbebe mtoto twende."

Akambeba.

Hospitalini muuguzi mmoja, ambaye zamu yake ilikuwa imekwisha, alikunja sweta lake akamwekea Kasuku chini ya kichwa, akabaki nasi mpaka daktari alipokuja. Sijui jina lake, lakini namwombea.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alimwambia Kasuku afuate kidole chake bila kusogeza kichwa. Jicho la kushoto likapanda juu. La kulia likafika katikati, likakwama. Akauliza mtoto ameumiaje. Mkwe wangu akanitazama, mimi nikaitazama sakafu.

"Ni mimi, Daktari," akasema mwanangu. "Nilimgonga kwa ubao jana asubuhi, na nikakataa asiletwe."

Nimeona makabati ya mwanangu yakisifiwa katika nyumba za wakubwa. Sijawahi kumwonea fahari kama dakika ile.

Daktari hakumkaripia. Akatueleza kwamba mfupa wa chini ya jicho ni mwembamba, na wa mtoto unapinda. Ukipigwa hufunguka, kisha hurudi na kuubana msuli unaogeuza jicho. Ndiyo maana mtoto hutapika, huona vitu viwili viwili, na bado jicho likabaki jeupe likawadanganya wakubwa.

"Kama mlango uliobana nguo," mwanangu akasema.

"Hivyo hivyo, fundi. Na msuli ukibanwa muda mrefu unakufa. Jicho haligeuki tena sawasawa."

Akamtia matone, akachungulia ndani ya jicho, kwani pigo la kuvunja mfupa laweza kuumiza jicho lenyewe. Ndani kulikuwa salama. Picha ya mashine ikaonyesha ufa, mahali ambapo kidole chochote kisingeufikia. Akasema upasuaji ni leo hii, na kwamba tungengoja siku zaidi angetuambia maneno mengine.

Kasuku alipowekwa kwenye kitanda cha magurudumu, midomo ikaanza kumtetemeka. Baba yake akainama.

"Lia, mwanangu. Lia mpaka ushibe."

Alilia, jamani. Wagonjwa walitoka kuchungulia. Baba yake naye akalia, na mimi nikamtazama bila aibu.

Wiki za mwanzo baada ya upasuaji bado aliona viwili viwili, na alikatazwa kupenga kamasi. Kidogo kidogo macho yakaanza kupanda pamoja. Leo ana miaka tisa na anaona sawasawa. Juzi mwenzake wa darasani alipigwa mpira usoni, wengine wakamwambia ajikaze. Kasuku akamwambia atazame juu bila kusogeza kichwa, kisha akamwita mwalimu, akasisitiza apelekwe kwa daktari. Alikutwa mzima.

"Afadhali kwenda bure, Bibi," akaniambia.

MAFUNZO

Mtoto akipigwa karibu na jicho, msisubiri livimbe wala liwe jekundu. Akitapika, akiona vitu viwili, akishindwa kutazama juu au akisema jicho linauma, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asiyeona vizuri au mwenye damu ndani ya jicho naye aende hima. Aliyemgonga aseme ukweli, maana daktari anauhitaji ili amtibu.

Na kwa mabibi wenzangu: tusimsifu mtoto kwa kuficha maumivu. Tumsifu anapotuambia.